Kusoma Mji kwa Picha za Zamani

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

(Mwalimu: Kabla ya somo kuanza, andika maneno haya ubaoni: picha, mnara, mlingoti, daraja, ng'ambo, jina, mwaka. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Mwanafunzi mwenye picha ya zamani nyumbani aje nayo darasani.)

Kaeni vizuri, na walioko nyuma wasogee mbele kidogo ili wapate kusikia.

Leo hatutafungua kitabu. Leo tutasoma picha. Huenda mwenzetu mmoja akauliza, "Picha nayo husomwa? Picha si hutazamwa tu?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo somo letu la leo.

Mtu asiyejua herufi aweza kuitazama barua tangu asubuhi mpaka jioni, wala asijue kama ni barua ya harusi au ya msiba. Macho yake ni mazima, lakini barua haimwambii neno. Na picha ya zamani ni hivyo hivyo. Wengi huitazama, hucheka kidogo kwa ajili ya nguo za kizamani, kisha huiweka chini. Lakini anayejua kuisoma hupata ndani yake mwaka, mahali, kazi za watu, furaha yao na taabu zao.

Mji tutakaousoma leo ni mji wa Zanzibar, katika kisiwa cha Unguja. Kama wewe uko Tanga, au Lamu, au Mombasa, au Ujiji, usiondoke. Njia ya kusoma ni moja tu, na ukiijua utaweza kuusoma mji wako mwenyewe.

KWANZA: PICHA ZILIVYOPIGWA

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa huko Ufaransa mwaka 1839, na Louis Daguerre. Mji wa Zanzibar haukukaa muda mrefu kabla ya kuiona kamera. Mwaka 1860 James Grant, msafiri kutoka Uskoti, alipiga picha hapa mjini kabla ya kwenda bara pamoja na mwenzake, John Speke, kutafuta chanzo cha mto Nile. Baadaye wakaja mafundi waliofanya kazi hiyo kuwa biashara. Wengi wao walikuwa Wagoa, na jina moja lililojulikana sana ni la A. C. Gomes. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio yake katika Mji Mkongwe, nayo ikapiga picha za watu wa kila namna kwa miaka mingi.

Sasa, sikilizeni jambo hili. Kamera za kwanza zilikuwa masanduku makubwa, yakisimamishwa juu ya miguu mitatu. Picha ilinaswa juu ya kioo kilichopakwa dawa. Dawa hiyo ilikuwa nzito kushika nuru, kwa hiyo mtu alitakiwa kutulia kimya, asitikisike hata kidogo, mpaka fundi aseme basi. Ndiyo sababu wazee wetu katika picha hizo wana nyuso kavu, kama watu waliokasirika. Hawakukasirika. Waliambiwa watulie.

Tena, ukiona picha ya zamani ya barabara ambayo haina mtu hata mmoja, usiseme haraka, "Mji huu ulikuwa mtupu." Mchukuzi aliyepita na mzigo wake, mtoto aliyekimbia, mwanamke aliyekuwa akienda kisimani, wote walipita upesi kuliko ile dawa. Tazama vizuri chini, karibu na ukuta. Labda utaona kitu kama moshi au ukungu. Huyo ni mtu.

Basi kanuni yetu ya kwanza ni hii: kisichoonekana katika picha si lazima kwamba hakikuwapo.

PILI: KUTAFUTA MWAKA WA PICHA

Picha nyingi za zamani hazikuandikwa mwaka. Twawezaje kuujua? Tutafanya kama mwindaji anayefuata nyayo. Twende pamoja Forodhani, pale pwani, mbele ya jumba la Beit al-Ajaib.

Jumba hilo lilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883. Kwa hiyo picha yo yote yenye jumba hilo haiwezi kuwa ya mwaka 1880. Hiyo ni alama ya kwanza.

Katika picha za kwanza za jumba hilo utaona kitu cha kushangaza. Mnara haupo juu ya jumba. Mnara umesimama peke yake, mbele ya jumba, upande wa baharini. Ulikuwa mnara wa taa ya kuongozea vyombo. Ulikwenda wapi?

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini. Khalid bin Barghash akaingia katika jumba na kujitangaza kuwa Sultani. Waingereza walikataa, wakamtaka atoke. Hakutoka. Tarehe 27 Agosti, saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kupiga mizinga. Vita hivyo havikufika hata saa moja. Lakini katika muda huo mfupi watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Jumba la Beit al-Hukm, lililokuwa jirani, liliharibiwa kabisa. Ule mnara wa taa uliharibika vibaya, ukabomolewa. Na meli ya Sultani, iliyoitwa Glasgow, ikazama pale pale bandarini.

Beit al-Ajaib yenyewe haikuanguka. Mwaka uliofuata, yaani 1897, ilijengewa mnara mpya, na mara hii mnara uliunganishwa na jumba lenyewe, katikati ya upande wa mbele.

Na ile meli? Ilizama mahali ambapo maji si ya kina kirefu, hata milingoti yake ikabaki imetokeza juu ya maji. Ilikaa hivyo miaka mingi, kila anayeingia bandarini akiiona, mpaka mabaki yake yalipoondolewa mwaka 1912.

Sasa twaweza kufanya hesabu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni:

Mnara umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib: picha ni ya kati ya 1883 na 1896.

Milingoti imetokeza baharini, na mnara haupo popote: picha ni ya baada ya Agosti 1896, kabla ya mnara mpya wa 1897 kujengwa.

Milingoti ipo, na mnara uko katika jumba: picha ni ya kati ya 1897 na 1912.

Milingoti haipo, na mnara uko katika jumba: picha ni ya baada ya 1912.

Mmeona? Hakuna aliyetuandikia mwaka, nasi tumeupata. Na katika kuutafuta mwaka tumekutana na vita na vifo vya watu wengi. Kijana anayeiona picha ya ile milingoti aweza kudhani ni mapambo ya bandari. Aliyesoma anajua kwamba anatazama kaburi la meli.

Tuongeze mstari mmoja wa mwisho katika hesabu yetu. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na ule mnara wa 1897, wakati jumba likifanyiwa matengenezo. Watu wawili walikufa. Kwa hiyo picha yenye mnara huo wa 1897 ukiwa mzima ni ya kabla ya siku hiyo. Picha ambazo watalii na wenyeji walikuwa wakizipiga kwa mchezo tu, siku moja zikageuka kuwa kumbukumbu. Fundi anayetaka kujua nguzo ilikaaje, au dirisha lilikuwa na umbo gani, sasa hurudi kuziuliza picha.

TATU: MAJI YALIYOPOTEA

Tuondoke Forodhani, tupite katika vichochoro vya Mji Mkongwe, tutokeze upande wa pili, Darajani.

Ninyi mnaojifunza kusoma, hebu lichambueni neno hilo. Dara-ja-ni. Daraja ni nini? Ni njia ya kuvukia maji. Lakini leo ukisimama Darajani utaona barabara kubwa, magari, maduka, na soko lililojengwa mwaka 1904. Maji hayapo. Je, wazee walikosea kupaita hivyo?

Hawakukosea. Picha za zamani zinawashuhudia. Zinaonyesha ghuba nyembamba ya bahari iliyoingia nyuma ya mji. Maji yalipojaa, Mji Mkongwe ulikuwa karibu kuzungukwa na bahari pande zote. Maji yalipokupwa, palibaki tope. Watu walivuka kwa daraja. Walioishi upande wa pili wa maji waliitwa watu wa Ng'ambo, na jina hilo halikuhitaji maelezo, kwa maana ng'ambo ni upande wa pili wa maji.

Katika karne ya 20 ghuba hiyo ilifukiwa kipande baada ya kipande, mpaka miaka ya 1950. Maji yakaondoka, majina yakabaki. Mtoto wa leo husema "nakwenda Darajani" na "nakaa Ng'ambo", wala hajui kwamba anataja bahari.

Kwa hiyo kanuni ya pili ni hii: weka picha na jina la mahali pamoja. Jina huifasiri picha, na picha huifasiri jina.

Lakini tusiitegemee picha kupita kiasi. Twende Mkunazini, si mbali na hapo. Kuna kanisa kuu la Kianglikana. Mtu akikuonyesha picha yake ya zamani, utaona kanisa zuri na mnara wake. Hutaona kitu kingine. Lakini mahali hapo palikuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Picha ya kanisa haiwezi kukuambia hayo. Lazima uulize, na lazima usome.

NNE: NGUO NAZO ZINASEMA

Sasa tuwatazame watu wenyewe. Anza na nguo.

Zamani za utumwa, nguo ilimtambulisha mtu. Watumwa wengi walivaa merikani, kitambaa kile cheupe kisicho na urembo, au kaniki, ambayo ni nguo ya rangi ya nili iliyoiva mpaka karibu na weusi. Kwa kawaida mtumwa hakuvaa kofia wala viatu. Mwaka 1897 ilitolewa sheria ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba, ingawa masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Baada ya hapo picha zinaanza kubadilika. Wanaume waliokuwa watumwa wanaonekana na kanzu na kofia. Wanawake wanaonekana na kanga za maua na mabaka. Baadaye buibui nayo ikaenea.

Kwa hiyo ukimwona katika picha mwanamke wa zama zile amejifunga kanga yake vizuri na kusimama mbele ya kamera, usiseme anapenda mapambo tu. Huenda mama yake hakuweza kuvaa hivyo. Huenda kanga ile ndiyo hati yake ya uhuru.

Kanga pia hutusaidia kupata mwaka. Kanga za kwanza hazikuwa na maneno. Maneno yalianza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi hizi tunazojifunza darasani. Basi ukiona kanga yenye maneno, jua kwamba picha hiyo si ya wakati wa Sultani Barghash. Tena jaribu kuyasoma maneno yenyewe! Aliyevaa alikusudia yasomwe.

TANO: JINA LIKO WAPI?

Ndugu wanafunzi, sasa tumefika penye kiini cha somo letu.

Picha nyingi za watu wa zamani wa mji huu zilipigwa ili ziuzwe. Zilifanywa kadi za posta, na wageni walizinunua na kuwapelekea jamaa zao Ulaya na Marekani. Chini ya picha palichapwa maneno machache. Na yalikuwa maneno gani? "Wanawake wa Kiswahili." "Mchukuzi." "Muuza maji." "Mzee wa Kiarabu." Basi. Ikiwa picha ni ya Sultani, jina lake limeandikwa. Ikiwa ni ya balozi wa Kizungu, jina lake limeandikwa, pengine na cheo chake. Lakini mchukuzi, ambaye mgongo wake ndio uliobeba karafuu mpaka melini, hana jina.

Je, hakuwa nalo? Alikuwa nalo. Mama yake alimpa. Majirani walimwita kwa jina hilo kila siku. Aliyeandika hakumwuliza. Na yeye mwenyewe, hata kama alijua kusoma, hakupewa nafasi ya kuandika chini ya picha yake.

Picha hizo zimetawanyika mbali sana. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago huko Marekani, kina mkusanyo uitwao Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki, kuanzia mwaka 1860 mpaka 1960. Siku hizi nyingi zaonekana kwa simu, kwa njia ya intaneti. Hilo ni jema. Lakini ukizifungua, mara nyingi utaona sura ya mtu wa pwani ambaye angeweza kuwa babu wa mmoja wetu, na chini yake hakuna jina lake.

Sasa nitawapa mfano wa upande mwingine. Karibu na mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, alizaliwa mtoto wa kike katika jamaa maskini. Hakupelekwa skuli. Alipokua aliuza vyungu, akitembea navyo kichwani. Mwaka 1911 alihamia mjini. Alikuwa na sauti, na kwa sauti hiyo alikuja kuwa mwimbaji mkuu wa taarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na kutiwa sauti katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Mnamjua. Ni Siti binti Saad.

Picha yake ipo, na hata leo watu wakiiona hulitaja jina lake. Kwa nini? Kwanza kwa sababu aliimba. Lakini pia kwa sababu kuna aliyechukua kalamu. Shaaban Robert alikwenda kumsikiliza, akauliza, akaandika kitabu cha maisha yake, kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Kama si hivyo, picha ya yule mama ingeweza nayo kuuzwa kwa kadi, na chini yake pakaandikwa tu, "Mwanamke wa Kiswahili."

Basi kanuni ya tatu, na ndiyo kubwa: picha isiyo na jina ni bubu.

SITA: UPANDE USIOPIGWA PICHA

Tuna jambo moja zaidi kabla ya kwenda kazini. Mwenye kamera huchagua. Husimama mahali fulani, akageuzia uso huku, akapa mgongo kule.

Wapiga picha wa zamani walipenda mno majumba ya mawe, milango ya nakshi na majahazi bandarini. Kwa hiyo picha za Mji Mkongwe ni nyingi sana. Ng'ambo, ambako walikaa wavuvi, wachukuzi, mafundi, wapishi na wauza samaki, katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti, picha zake si nyingi kama hizo.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, sehemu kubwa ya Ng'ambo ilijengwa upya. Nyumba nyingi za zamani zilivunjwa, na katika miaka ya mwisho ya 1960 na miaka ya 1970 yakasimama magorofa marefu ya Michenzani, kwa mpango uliosaidiwa na wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki. Watu wakapata nyumba zenye maji na umeme. Lakini vichochoro vya zamani, vibaraza, visima na miti ya kivulini viliondoka. Kama hakuna picha, vitakumbukwa na nani?

Vitakumbukwa na wazee, kwa muda walio hai. Na vimo katika picha chache zilizofichwa masandukuni, chini ya nguo, ndani ya bahasha, nyumbani kwenu.

Ndiyo kusema hifadhi ya picha za Ng'ambo haiko Marekani. Iko kwako.

SABA: KAZI YA KUFANYA

Basi twende kazini. Sikilizeni mazungumzo haya baina ya bibi na mjukuu wake.

Mjukuu: Shikamoo, bibi.

Bibi: Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?

Mjukuu: Sijambo. Bibi, nimeikuta picha hii sandukuni. Naomba unisomeshe. Huyu wa kushoto ni nani?

Bibi: Lete karibu niione. Ala! Huyo ni shoga yangu. Tulisoma chuoni pamoja.

Mjukuu: Jina lake nani, bibi? Na la baba yake?

(Bibi akataja jina. Mjukuu akaandika.)

Mjukuu: Na hapa ni wapi?

Bibi: Si Mnazi Mmoja hapa! Siku ya Idi. Huoni pembea kule nyuma?

Mjukuu: Mwaka gani, bibi?

Bibi: Mwaka siujui, mwanangu. Lakini nilikuwa na mimba ya baba yako.

Mmesikia? Bibi amesema hajui mwaka, kumbe anaujua. Ikiwa baba alizaliwa mwaka 1962, picha ni ya 1962 au ya 1961. Wazee wetu hawahesabu kwa kalenda. Wanahesabu kwa ndoa, kwa uzazi, kwa njaa, kwa mvua kubwa, kwa vita. Wewe uliza, kisha fanya hesabu.

Andika mambo manne. Ni nani: jina lake, la baba yake, na la babu yake likijulikana, ukianza na mtu wa kushoto kwenda kulia. Ni wapi: mtaa, au jina la zamani la mahali. Ni lini: mwaka, au tukio la karibu. Na la nne, nani amekuambia, na siku gani. Jambo msilo na hakika nalo liandikeni "labda". Neno hilo dogo lina heshima kubwa. Usijaze pengo kwa kubuni.

Namna ya kuandika: tumia kalamu ya risasi, siyo ya wino, maana wino hupenya na kuharibu. Geuza picha, iweke juu ya kitu kigumu na kisafi, andika polepole pembeni bila kukandamiza. Ikiwa karatasi yake inateleza, usiandike juu yake. Andika juu ya bahasha, kisha tia picha ndani.

Namna ya kuhifadhi: ishike kwa kingo, vidole visiguse sura. Usiitundike penye jua. Usiibandike kwa gundi. Iweke pakavu, mbali na sakafu, ambako mchwa na unyevu hauifikii. Mwenye simu na aipige picha kwa simu, lakini asidhani kazi imekwisha. Hata picha ya simu, kama haina jina, ni bubu vile vile.

Mkitaka kuona picha na hati za zamani zilizotunzwa na serikali, iko nyumba ya nyaraka huko Kilimani, hapa mjini. Mwalimu aweza kuomba nafasi na kuwapeleka darasa zima.

Ndugu zangu, wengi wenu mlianza kisomo ili mpate kusoma barua zenu wenyewe, kutia sahihi badala ya kidole gumba, na kujua hesabu ya duka. Hayo yote ni haki yenu. Leo nawaongezea kazi nyingine. Yule mchukuzi wa kwenye kadi ya posta hatuwezi tena kumrudishia jina lake, maana aliyelijua ameondoka. Lakini bibi yuko hai. Mjomba yuko hai. Wanawajua wale watu wa sandukuni kwa majina. Wao labda hawajui kuandika. Ninyi sasa mnajua. Msingoje mwakani.

Wakati wetu umekwisha.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini barabara katika picha za zamani sana huonekana hazina watu?

2. Umeonyeshwa picha ya Forodhani. Mnara umo katika jumba, na milingoti ya meli imetokeza baharini. Picha hiyo ni ya kati ya mwaka gani na mwaka gani? Eleza umejuaje.

3. Majina Darajani na Ng'ambo yanatukumbusha nini?

4. Kanga yenye maneno inatusaidiaje kujua umri wa picha?

5. Taja mambo manne ya kuandika nyuma ya picha au juu ya bahasha yake.

6. Kazi ya nyumbani: Tafuta picha moja ya zamani nyumbani kwenu. Mwulize mzee juu yake. Andika sentensi tano, uje uzisome mbele ya wenzako.